Vidonge vya Kimanzi Madhabahuni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na kama ningeweza kuisahau ningeshukuru. Lakini nimesikia mtoto wako ametulia siku hizi, mmeombewa, na umeanza kusema mambo ya hospitali sasa yatosha. Sikukuita nibishane na wewe. Keti, chai ipo. Nitakuambia yaliyotupata nyumbani kwetu kule upande wa Kanyangi, halafu utafanya unavyoona, maana mtoto ni wako.

Kaka yangu Kimanzi ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa mama. Miaka ya sabini alikuwa katika mji wa Salama, akibeba mizigo katika duka la Msomali mmoja aliyeitwa Abdi, pale kando ya barabara ya Mombasa. Kijana mwenye nguvu zake, mcheshi, kila akija nyumbani analeta sukari na hadithi nyingi. Kisha maneno yakazidi. Akawa anawajibu watu ambao hawapo. Akaacha kulala, akaacha kuoga, akasema malori yakipita yanamtaja jina. Abdi angeweza kumfukuza tu, na wengi wangemfukuza. Yeye alimpandisha kwenye lori lake mwenyewe akamleta mpaka kwetu, akamwambia mama kwamba kijana huyu hajaiba kitu wala hajamkosea mtu, ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Huyo alikuwa mtu wa mbali, wa dini nyingine, na ndiye aliyetufaa kuliko majirani wote.

Basi akapelekwa Kitui mjini, akapewa vidonge, na kila mwezi sindano. Sitakudanganya kwamba alirudi kuwa yule wa zamani. Alinenepa, mikono ikawa inamtetemeka, maneno yakawa yanatoka polepole. Lakini alilala. Alikula. Baba yetu alikuwa askari wa lango huko Kiboko na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Msimu wa kulima akija, alimweka Kimanzi mbele ya ng'ombe awaongoze, yeye akashika plau nyuma. Wale ng'ombe walimsikia Kimanzi kuliko mtu yeyote. Aliwashika kamba kwa mkono wa kulia, anawasemesha taratibu, na shamba linaisha. Baba hakuwa mtu wa kusifu watu, lakini jioni moja alimwambia, leo umelima, na Kimanzi akatabasamu peke yake mpaka wakati wa chakula.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kumlea mtu mzima aliye mgonjwa wa akili si kama kulea mtoto mchanga, maana mtoto mchanga watu wanakuja kumwona. Mama alimpa kidonge kila asubuhi na uji, akasimama pale mpaka ameze, kisha akamwambia afungue kinywa aone. Mwanamume mwenye ndevu zake! Alimnyoa, alimfulia, alimtafuta vichakani akipotea. Ndugu za baba walisema hiyo ni laana ya upande wa mama. Ndugu za mama wakasema ni ya upande wa baba. Hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa naye siku moja ili mama apumzike. Nasema haya kwa uchungu, na sitaomba radhi.

Mahali pekee mama alipopata kupumzika ni kanisani. Huko aliimba, alilia, alishikwa mkono na wenzake. Ndiyo maana simlaumu kama ninavyowalaumu wengine.

Sasa kanisa letu lilikuwa na desturi yake. Mtu akikombolewa kutoka kwa kitu, alikileta mbele ya madhabahu kama ushuhuda. Mlevi alileta kibuyu chake cha pombe, mwenye hirizi akaileta, na vyote vikachomwa nje watu wakiimba. Kufikia Jumapili ile niliyokutajia, pasta alikuwa amemwombea Kimanzi kwa muda, na Kimanzi alikuwa ametulia. Kwa nini asitulie, na mama anampa dawa kila asubuhi? Pasta akasema amepona. Akamwita mama atoe ushuhuda, na mama alipomaliza, akamuuliza ameleta nini. Kama Mungu ameponya, vidonge ni vya nini tena? Na aliyasema hayo akiwa na miwani usoni, mwanangu. Miwani minene, bila hiyo hawezi kusoma mstari mmoja wa Biblia. Hakuna aliyemwambia aivue aiweke pale mbele.

Mama alifungua fundo la leso yake akavitoa vile vidonge. Tulipiga makofi, mimi pia nilipiga. Vikachomwa pamoja na kibuyu cha mlevi mmoja, na siku ya sindano ilipofika, hakuna aliyeenda Kitui.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri, na ubaya wote ulianzia hapo. Dawa haitoki mwilini siku moja. Kimanzi akachangamka, mikono ikaacha kutetemeka, akawa anacheka na watu. Mama alimpeleka kila mahali aonekane. Kisha akaanza kuamka alfajiri akizunguka boma, akiuliza ni nani anayemwita. Mama akasema ni majaribu ya shetani, yatapita. Niliyaona macho yake aliposema hivyo, na hakuyaamini maneno yake mwenyewe.

Siku moja akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, walikuwa wanachimba matuta kwa jirani. Kimanzi akatokea uchi, akamnyang'anya mmoja jembe, akaanza kufukua walipofukia, akisema kuna watu wamezikwa humo wanalia. Hakumpiga mtu. Lakini wanawake walitawanyika, na mkuu wao akaja kwetu akihema mlangoni. Alimwambia mama amfunge huyo mwanawe, la sivyo mwethya haitakanyaga tena shambani kwetu.

Nikamwambia mama tumpeleke hospitali. Lakini basi la Kitui lilisimama sokoni, mwanangu, mbele ya kila mtu. Mama akipanda na Kimanzi, kanisa zima lingejua kabla basi halijaondoka. Aliniambia, "Nitawaambia nini? Nilisimama nikasema amepona." Kwake kupanda basi lile ilikuwa ni kumwita Mungu mwongo. Kwa hiyo akachagua kamba, kwa sababu kamba ingebaki ndani ya nyumba.

Walikuja wanaume wawili wa kanisa, wale wale waliopiga makofi, wakamfunga mkono wa kulia kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya katani. Alivuta mchana kutwa, na kadiri alivyovuta ndivyo ilivyokaza. Usifikiri mama alimwacha. Alikaa naye pale chini, akamlisha, akamwimbia, akampaka mafuta mkono ulipoanza kuvimba. Aliogopa kumfungua, aliogopa kumpeleka, akabaki kuomba. Nilipomwambia mkono unanuka, aliniambia ninyamaze. Wale wanaume wawili hawakurudi hata kuchungulia, na pasta alituma salamu kwamba anatukumbuka katika maombi.

Baba akaja mwisho wa mwezi. Aliingia, akaona, wala hakupaza sauti. Alichukua panga akakata kamba, akaufunua ule mkono, akauangalia. Kisha akauliza vidonge viko wapi. Mama akamweleza yote, kuanzia ushuhuda mpaka moto.

Baba akamwambia, "Mungu hakukuomba hivyo vidonge. Watu ndio walikuomba, na watu hao siwaoni hapa."

Akamvisha Kimanzi shati lake mwenyewe, akamshika begani, wakaenda sokoni jua likiwaka. Watu walisimama kutazama, na wengine walikuwa wa kanisa letu. Mama aliwafuata nyuma. Alipanda basi bila kumwangalia mtu.

Hospitali walimwokoa mkono usikatwe wote, lakini vidole viliondoka, kikabaki kidole gumba. Dawa ikaanza upya. Miezi ikapita, na akili ikarudi kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja Kimanzi akauangalia mkono wake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anauona. Mama alikuwa mbele yake na kikombe cha uji na kidonge.

Akamuuliza, "Mwaitu, nilimuumiza nani?"

Alikuwa anamwita hivyo tangu utotoni, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. Mama akamjibu kwamba hakumuumiza mtu.

"Basi nilifungwa kwa nini?"

 Mama aliyesema mbele ya kanisa zima bila kukwama, akakosa la kumwambia mtoto wake.  Kimanzi akapokea kile kikombe kwa mkono wa kushoto akanywa, kisha akafungua kinywa mwenyewe ili mama aone kwamba amemeza.

Hakuwaongoza ng'ombe tena. Baba aliwauza, akasema hana mtu wa kumweka mbele yao. Pasta alihamishwa, na alipokuwa akiaga alituambia tusichoke kuamini. Mama aliishi mpaka miaka ya tisini, na mpaka mwisho alikwenda kanisani na kukaa nyuma. Hakusimama tena kushuhudia lolote, wala hakuna aliyemuuliza sababu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Omba, mimi mwenyewe naomba kila siku. Lakini mtoto akitulia, jiulize ametulia kwa nini kabla hujawatangazia watu. Ukitaka dawa iachwe, nenda ukamuulize aliyeitoa, usimuulize anayetaka kusikia ushuhuda. Na aibu ikikushika, kumbuka wale unaowaonea aibu hawatakuwepo mtoto akizidiwa. Utakuwa wewe na yeye. Panda basi mchana, watu watazame mpaka wachoke. Usikubali mtu alete kamba nyumbani kwako, hata akija na Biblia mkononi.

Nenda salama. Mungu akupe mikono ya kulea na miguu ya kwenda Kitui kila mwezi, na moyo usiotikiswa na maneno ya watu. Akupe umri mrefu kwa ajili ya huyo mtoto, maana hana mwingine. Na siku akili yake ikitulia akakuuliza ulimfanyia nini alipokuwa hajijui, Mungu akujalie uweze kumjibu.