Mchanga wa Jongoo Bahari Pale Newala

Siku yangu ya kwanza kama fundi wa maabara ya sekondari pale Newala, Mkuu wa Idara ya Baiolojia hakunionyesha darubini wala kabati la kemikali. "Shikamoo, Mkuu," nilimsalimu. "Marahaba, Mama Zuhura. Njoo uwaone wapangaji wangu." Akanipeleka kwenye tangi la kioo, refu kama meza ya darasani. Niliona maji na mchanga, basi.

"Mbona hamna kitu?"

"Wamo. Wamejichimbia."

Wapangaji hao walikuwa jongoo bahari wawili, wale wanyama laini wenye umbo la tango, kaa wanne na minyoo isiyo na idadi. Wanafunzi wetu wengi hawakuwahi kuiona bahari, na Mkuu aliapa hawatawajua viumbe wake kwa kukariri picha. Maji yalitoka Mtwara kwa basi, ndani ya madumu. Makondakta walitucheka sana: watu wa Newala kila siku wanalia shida ya maji, halafu wanapakia yasiyonyweka!

Mkuu alikuwa mtu wa Chiungutwa, mtoto wa mwalimu wa kanisa, mpole lakini hana masihara na kazi. Kila asubuhi alipima chumvi kwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea. Chumvi ikizidi, nacho hupanda. Nilimstahi tangu wiki ile ya kwanza.

Likizo ya Juni ilinikuta bado nimo kwenye majaribio, ile miezi ya kutazamwa kabla ya kuthibitishwa kazini. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na sikuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Mchanga wa tangi ulikuwa umeanza kuwa mweusi chini na kunuka yai viza. Mkuu akasema tutaubadilisha akirudi kutoka kwao. Kiherehere changu kikanituma nimalize kabla hajarudi.

Mimi ni mtu wa Mnyambe. Kwetu kisima cha nyumbani, kile cha saruji cha kuvunia mvua, husafishwa kwa mkupuo mmoja: tope lote nje, kisha unasugua mpaka saruji icheke. Ukibakiza hata kikombe cha tope, mawifi watakusema mwaka mzima. Nikafanya hivyohivyo. Niliwahamishia wapangaji kwenye beseni, nikatoa mchanga wote, nikasugua kioo, nikaosha mchanga mpya kwa ndoo saba za maji ya kisima, nikautandaza, kisha nikarudisha maji ya bahari na wapangaji wenyewe. Wanaotoka Newala wanajua ndoo saba ni kitu gani. Tangi lilimeremeta, nami nikajisifu peke yangu.

Kesho yake kaa walikuwa wamepanda juu ya jiwe, hawataki kushuka. Jongoo bahari mmoja alilala juu ya mchanga, amelegea kama soksi iliyolowa. Nilimpigia Mkuu simu.

"Mkuu, nimewaua."

"Mchanga wa zamani umeupeleka wapi?"

"Nimeumwaga nyuma ya maabara, juani. Ndoo moja tu imebaki kivulini."

"Inanuka?"

"Hainuki. Ule ni wa juu."

"Basi, Mama Zuhura, futa machozi unisikilize. Mchanga ule una bakteria wanaokula uchafu wa wanyama. Umewatoa wote, sasa amonia inapanda, na hiyo ni sumu. Tena jongoo bahari chakula chake kimo humohumo mchangani. Wewe umempa sahani tupu. Badilisha nusu ya maji kwa yale ya akiba. Kisha utandaze mchanga wa ndoo hiyo juu ya ule mpya, polepole. Mimi naja."

Alikatisha likizo, akafika kesho yake, bodaboda kisha basi, na vumbi hadi kwenye nyusi. Jongoo bahari mmoja alikuwa amekufa. Wengine walikuwa wameanza kujichimbia. Mkuu wa Shule alipokuja kuuliza, nilifungua mdomo nikiri, lakini Mkuu wa Idara akaniwahi: "Tumekosea namna ya kubadilisha mchanga. Tumepoteza mmoja." Tulipobaki wawili aliniambia, "Kisima chenu kinatunza maji. Tangi hili linatunza wenyeji." Hakulitaja tena jambo hilo, na barua yangu ya kuthibitishwa ilikuja na saini yake.

Akanifundisha njia yenyewe. Unagawa tangi sehemu nne, unabadilisha robo moja, unasubiri wiki mbili. Pampu ya hewa unaizima, mchanga mweusi unaufyonza kwa mpira wa maji bila kuuvuruga, na mpya unaushusha kwa bomba hadi chini ili maji yasichafuke. Wanyama huwashiki, wao wenyewe huhamia upande wa pili.

Mchanga ulipoanza tena kuwa mweusi, alinikabidhi mpira, akatoka nje, akafunga mlango. Nilifanya robo yangu ya kwanza peke yangu. Nilidhani ameenda kunywa chai.

Baadaye nilihamishiwa Masasi, nikajenga tangi huko, na nimestaafu nikiwa msimamizi wa maabara. Mwaka wangu wa mwisho ilikuwa zamu yangu kumkabidhi fundi mpya mpira na kutoka nje. Sikwenda popote. Nilisimama nyuma ya mlango uliofungwa, mkono ukiwa juu ya kitasa, nikijizuia kuingia. Ndipo nilipojua kuwa siku ile Newala hakukuwa na chai.