Kipi Kinasubiri Kipi

Masika ya mwaka ule yalibomoa ukuta wa mfereji pale unapopita ubavuni mwa genge, mwendo wa dakika kumi kutoka mtoni. Watu wa upande ule wa Mwika waliziba kwa vigogo vya migomba, udongo na mabati chakavu, lakini nusu ya maji iliendelea kuvujia bondeni. Mwezi wa sita wakajaribu kujenga. Saruji ilinunuliwa kwanza kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa urahisi, ikalazwa kwenye stoo ya kanisa la kigango kungojea mchanga. Fuso ya mchanga ilipofika hatimaye, ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeshaingia mifukoni, na saruji imekuwa mawe.

Kuna waliolaumu stoo, na kuna waliomlaumu mwenye Fuso. Dominika hakumlaumu mtu. Alipapasa mfuko mmoja mgumu kama mama anayepima homa ya mtoto, akauliza, "Hivi kwa nini saruji ilitangulia?"

Watu wakaendelea kulaumiana. Walikuwa wamemzoea.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Miaka ishirini na miwili aliipitisha katika jiko la shule moja ya bweni kule tambarare, kumi ya mwisho akiwa mkuu wa jiko. Wanafunzi mia nne wenye njaa hawataki kusikia nani amechelewesha kuni. Ukitaka maharage ya leo mchana, uliyaloweka jana jioni. Na kabla ya kuyaloweka kuna mtu aliyeyachambua. Hayo Dominika aliyajua bila kuyafikiria, kama mtu anavyojua njia ya kwao. Aliporudi kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa mumewe, Sirili, kamati ya mfereji ilimfanya katibu kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Sirili aliwaonya mapema. "Mwandiko mtaupata," alisema, "ila na maswali mtayapata."

Katikati ya mwezi wa nane kamati ilikutana tena. Mwenyekiti, mzee Emilian, alisoma orodha ya kazi: kufunga maji, kusomba mawe, kupasua kokoto, kuleta mchanga, kuchimba msingi, kufunga mbao za kushikilia zege, kumwaga zege, kumwagilia zege, kufungua maji. Siku thelathini kamili, na maji yatafungwa tangu siku ya kwanza.

Eliufoo, aliyelima kabichi chini kabisa ya mfereji, alisimama. "Siku thelathini? Basi mnihesabie kabichi zangu kuwa marehemu."

Watu wakaanza kubishana. Dominika akanyoosha kalamu.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Kusomba mawe kunataka maji yawe yamefungwa?"

Emilian aliitazama karatasi yake. "Hapana."

"Na kupasua kokoto?"

"Nako hapana."

"Na zege lenyewe linachanganywa na nini?"

Nyuma mtu alicheka. Rodrick, fundi waliyemwita kutoka Majengo, alijibu kwa upole, "Na maji, mama."

"Ya kutoka wapi, kama tumeshayafunga?"

Rodrick mwenyewe alivua kofia akajikuna kichwa. Emilian aliikunja ile orodha, akampa Dominika. "Nenda nayo nyumbani," alisema. "Utuletee Jumapili baada ya misa."

Asubuhi iliyofuata Dominika alifagia baraza, akachukua chaki. Kwanza aliandika kazi zote sakafuni bila mpangilio wowote, kila moja ndani ya duara lake. Kisha akaanza kuziuliza moja moja: wewe unasubiri nani, na nani anakusubiri wewe? Kila alipopata jibu alichora mstari kutoka duara moja hadi jingine. Asipojua, alimpigia Rodrick simu. Zege likishamwagwa linamwagiliwa siku ngapi? Saba. Msingi ukichimbwa unaweza kukaa wiki nzima? Hapana, kingo zitaporomoka. Mbao zinafungwa kabla ya kokoto kuwa tayari? Zinaweza, mama, hazihusiani.

Hilo neno "hazihusiani" lilimfurahisha. Miaka yote aliwasikia watu wakizitaja kazi kwa kufuatana, kama shanga kwenye uzi mmoja, kumbe nyingine hazikufungwa na uzi wowote. Mawe hayakusubiri kitu. Kokoto zilisubiri mawe tu. Mchanga ungeweza kuja wakati kokoto zinapasuliwa. Kuku walipita juu ya michoro yake, naye akawafukuza na kuchora upya. Sirili alitoka na kikombe cha chai, akasimama mlangoni akitazama.

"Umepata nini?"

"Njoo uone. Kazi zinazotaka maji yafungwe ni nne tu: kuchimba msingi, kufunga mbao, kumwaga zege na kulimwagilia. Nyingine zote zifanyike maji yakiwa yanapita. Na tujaze mapipa siku moja kabla ya kufunga."

"Siku ngapi basi?"

"Kumi. Badala ya thelathini."

Sirili alichuchumaa, akafuata mstari mmoja kwa kidole. "Na huu mrefu?"

Mstari huo ndio uliokuwa ukimsumbua. Ulianzia kwenye mbao za kufungia zege, ukaenda kwenye kuzifunga, kwenye kumwaga, kwenye zile siku saba, hadi kufungua maji. Kijiji kizima kilidhani kazi inacheleweshwa na mawe, lakini mawe hata yangekamilika kesho, kazi isingesogea hata siku moja. Tarehe ilishikwa na mbao, na mbao za Rodrick zilikuwa Sanya Juu, kwenye tangi la maji alilokuwa akilijenga na mwenzake. Mbona haziji? Dominika hakupenda kuuliza jambo hilo kwa simu. Alitaka kuziona.

Alikwenda siku ya soko. Alilikuta tangi nyuma ya maghala ya mahindi, na kivulini pake kijana mmoja akila parachichi. Kijana alimwamkia shikamoo na kujitambulisha kuwa ni Godlove, mwenzake Rodrick. Mbao zilikuwa bado zimepigiliwa ukutani.

"Zege hili mlilimwaga lini, mwanangu?"

"Hii wiki ya tatu sasa."

"Limeshakauka?"

"Zamani, mama."

"Basi hizi mbao zinasubiri nini?"

Godlove alizitazama kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. "Zinamsubiri Rodrick aje azichukue."

Dominika akampigia Rodrick palepale. Rodrick akasema yeye anasubiri mawe ya Mwika yakamilike, maana mbao zikitangulia zitaibiwa. Akampigia Emilian. Emilian akasema hajawaita watu wa mawe kwa sababu anasubiri fundi alete mbao, ajue kazi imeanza kweli. Dominika aliikata simu akacheka peke yake, akishika kiuno, mpaka Godlove akamletea kiti.

"Mwenyekiti," alimpigia tena, "mbao zikilala kwako ndani, zitaibiwa?"

"Kwangu? Nani aje kuiba kwangu?"

Kabla ya Jumapili mbao zilikuwa nyumbani kwa Emilian, na baada ya misa kamati ikaukubali mpango wa Dominika, watu wakaanza kusomba mawe. Kokoto zikapasuliwa huku Fuso ikileta mchanga. Saruji ililetwa mwisho kabisa, siku mbili kabla ya kumwagwa, na mara hii hakuna aliyeuliza kwa nini. Mapipa kumi na mawili yakajazwa yakapangwa kando ya genge. Siku ya Jumatatu maji yakafungwa, na Alhamisi zege likamwagwa.

Dominika alihesabu siku saba. Siku ya tatu alfajiri mzee Ndelilio, aliyekuwa mzee kuliko wote pale, alifariki. Kijiji kizima kikahamia msibani: wanaume kuchimba kaburi, wanawake kupika. Ilikuwa saa saba mchana, Dominika akikoroga sufuria kubwa, alipokumbuka. Kwenye mchoro wake duara la kumwagilia lilikuwa na mistari yake yote, ila jina la mtu halikuwamo. Aliandika "vijana" tu. Na vijana walikuwa makaburini.

Aliacha mwiko kwa jirani, akachukua ndoo. Njiani alikutana na Eliufoo akitoka kuchukua koleo.

"Unakwenda wapi na ndoo wakati wa msiba?"

"Zege halijapata maji tangu jana."

Eliufoo aliliegemeza koleo kwenye mgomba, akamfuata. Ukuta waliukuta mkavu na wenye joto kama chungu kilichoepuliwa. Walichota kwenye mapipa wakamwaga, wakalowesha magunia wakaufunika. Dominika alijihisi kama siku ile alipounguza uji wa shule nzima, miaka mingi iliyopita. Alikuwa ameziuliza kazi maswali yote, akasahau kuwauliza watu watakuwa wapi.

Jioni Rodrick alikuja, akagonga ukuta kwa kidole na kusikiliza. "Haujaharibika," alisema. "Tuongeze siku mbili."

"Mbili?" Eliufoo akauliza.

"Mbili."

Eliufoo akapumua. "Haya. Kabichi zilijiandaa kufa siku thelathini, kumi na mbili zitavumilia."

Maji yakafunguliwa Jumamosi asubuhi. Yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu na povu, watu wakitembea sambamba nayo. Yalipofika kwenye ukuta mpya yalipanda kidogo, yakatulia, kisha yakapita kuelekea chini, na Eliufoo akakimbia mbele yake kufungua mlango wa shamba lake.

Wengine wakaondoka, maana ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Dominika alibaki ameinama upande wa nje wa ukuta. Kwenye kiungo cha zege jipya na mawe ya zamani palikuwa na unyevu, wa ukubwa wa kiganja.

"Usiogope," Rodrick alimwambia. "Tope la mfereji litapaziba lenyewe."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, mama. Kila mfereji na tope lake."

Dominika alikusanya gauni lake, akaketi juu ya jiwe, akaweka kidole kwenye ukingo wa ule unyevu aone kama unapanuka.