Chumba cha Mama, kwa Mchoro Wangu Mwenyewe

Mama alikwenda Majengo kumwuguza mdogo wangu uzazi. Arubaini ikaisha, mtoto akakaa, akatambaa, sasa anajibizana na watu wazima, na mama bado yuko huko. Kila nikimpigia simu nasikia nyuma yake vicheko vya wanawake, na sauti ya mdogo wangu ikimuuliza kama amwongeze chai. Amwongeze! Kwangu mama alikuwa akijimiminia mwenyewe.

Mtu mwingine angevaa buibui akaenda kumtazama mamake. Mimi ni mtu wa ndani. Kutoka Mji wa Kale nikifika Marikiti tu najiona nimesafiri, narudi na habari za kuhadithia. Kwa hivyo niliamua mama ndiye aje. Nyuma ya nyumba yetu tuna ua unaopakana na kichochoro, hauna kazi ila kuanikia nguo na kuhifadhi friji bovu. Nikasema hapo nitamjengea chumba.

Mume wangu akanishauri nitafute mchoraji wa ramani. Nikamwambia mchoraji anaye, na ndiye anayempikia. Kidato cha pili, kwenye sayansi kimu, nilichora ramani ya jikoni ikabandikwa ukutani darasani, na tangu siku hiyo najihesabu injinia.

Nikachorea nyuma ya kalenda kuukuu, kwa rula ya mwanangu, nikafuta hata karatasi ikatoboka. Kule Majengo mama anatumia choo cha uani pamoja na nyumba nzima. Basi nikamchorea choo chake mwenyewe, kikubwa kuliko jiko langu, kwa makusudi kabisa. Nikamtengea pahali pa kuswalia, rafu ya dawa, pembe ya jiko la kahawa. Asikose kitu hata kimoja cha kumtoa nje. Mume wangu akaitazama ramani kwa heshima zote, halafu akauliza mama atalala wapi. Nilikuwa nimesahau kitanda.

Nilipokibana kitanda nyuma ya mlango, nikaikunja ramani, nikaenda Majengo. Nilimkuta mama kizingitini mwa chumba chake, mlango u wazi njiani, anachagua mchele na majirani. Kila apitaye anamwamkia, naye anamwuliza habari za kwao. Nikamwita ndani, nikaitandaza karatasi kitandani, nikasifu choo mpaka nikakaukiwa na mate. Mdogo wangu akaja na chai, akabaki mlangoni kusikiliza.

Mama akazifuata kuta kwa kidole, moja moja, kama anayetafuta kitu kilichomwanguka.

"Na mimi n'tatokea wapi?"

Nikamwonyesha: uani, jikoni kwangu, sebuleni kwangu, halafu mlango wa mbele.

"Kwa hivyo nikitaka kutoka, nikupite wewe."

"Na wageni wako pia wanipite," nikasema, kwa furaha, kana kwamba nampa zawadi.

"Dada," mdogo wangu akasema, "umemchorea mama jela yenye choo kizuri."

Hilo ningelijibu. Lakini mama alicheka, tena akimtazama yeye, kile kicheko chao cha wawili ambacho mimi hukisikia kwenye simu. Nikamwambia mama ukweli wangu: akiwa na mlango wake, watu watamchukua kule nyuma kama walivyomchukua hapa, nami nitabaki kusikiliza vicheko ukutani.

"Nataka uwe wangu, mama. Japo kidogo."

Mdogo wangu akainamia kikombe. Mama aliniomba penseli, akachora kistari kilichopinda kwenye ukuta wa upande wa kichochoro.

"Toboa hapa, mwanangu. Ukitoboa hapa, nakuja."

Nikachukua rula nikaweka mlango. Mama akautazama, akasema yeye si paka, nipanue. Nikapanua. Akasema tena kidogo, nikapanua tena, hata choo changu kikaliwa upande mmoja.

Mdogo wangu tayari anapanga: kila asubuhi atamleta mtoto amwone bibi, waingilie kichochoroni moja kwa moja bila kunisumbua. Nikamwambia mlango ule ni wa mama na wageni wake. Yeye ni wa nyumbani. Atapiga hodi mbele, kwangu, na atakaa kwanza anywe chai nimwone.