Boa Aliyebandikwa Jina la Chatu

Pale kwenye bustani ya nyoka kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Aliingia kama mfagiaji, mjane mwenye binti mchanga mgongoni. Miaka ishirini na miwili baadaye yeye ndiye aliyelisha, aliyesafisha vizimba, na aliyejua nyoka gani kagoma kula na kwa nini. Shuleni hakufika mbali, lakini kila daktari wa wanyama aliyepita pale alimwachia kitabu, naye alivisoma polepole jikoni kwake, kidole kikifuata mstari. Mkono wake wa kushoto una kovu la meno ya chatu.

"Kosa langu," husema. "Nilimwendea na harufu ya kuku mikononi."

Mwaka ule waliletewa meneja mpya, bwana aliyetoka kwenye biashara ya hoteli. Mwezi wake wa pili, maafisa wa forodha wakaleta sanduku walilolikamata mpakani. Ndani mlikuwa na nyoka jike mnene kama paja la mtu, tumbo limemjaa. Mlinzi wa getini alichungulia akauliza, "Ndiyo anakonda?"

"Anakonda wapi huyu, na unene wote huo?" Shangazi akamjibu, wakacheka.

Meneja hakucheka. Alikwishaagiza kibao: CHATU MKUBWA. KARIBU ATATAGA MAYAI.

Shangazi alimfuata ofisini. "Bwana Meneja, huyu si chatu. Ni boa."

"Nyoka mkubwa anayebana mnyama mpaka afe ni nini kama si chatu?"

"Wote wawili hubana, lakini ni koo mbili. Chatu midomoni ana vishimo vimejipanga, vya kuhisi joto la mnyama. Huyu midomo yake ni laini. Chatu hutaga, kisha huyazungushia mayai mwili wake kuyalinda. Boa huyu hatagi, anazaa watoto wazima. Anakonda naye ni wa ukoo huohuo. Naomba wavu wa matundu madogo kwenye mlango wa nyuma, matundu ya ule uliopo ni makubwa. Watoto watapita."

"Shangazi," meneja alisema huku akitazama simu yake, "wewe fagia. Mambo ya kitaalamu tuachie wenyewe."

Alimwambia tena mara mbili. Mara ya tatu akapigwa marufuku kuzungumza na wageni. Kwa wiki saba akasimama na ndoo yake, akiwasikiliza wanafunzi waliokuja kutembea wakidanganywa mbele ya kioo cha kizimba. Nyumbani akamwambia binti yake, ambaye sasa ni fundi cherehani, "Kunidharau mimi nimezoea. Lakini anamdharau hata nyoka!"

Jumanne moja asubuhi, alipofungua, sakafu ya kizimba ilikuwa hai. Vinyoka vyenye urefu wa mkono vilitambaa kila upande, vingine bado vimenata kwenye ngozi nyembamba za kuzaliwa. Na wavu ulikuwa umepitisha kadhaa hadi kwenye ukumbi wa wageni.

Meneja alikuja mbio, wageni nyuma yake. "Nyoka wa porini wameingia! Huyu mama kaacha mlango wazi! Mlinzi, lete rungu, waueni wote!"

Shangazi akasimama mlangoni, mikono kaitanua. "Hawa ni watoto wake. Atakayemgusa mmoja aanze na mimi."

"Umefukuzwa kazi!"

"Sawa. Lakini kwanza niwaokote."

Mlinzi alimtazama meneja, akamtazama Shangazi, akaliweka rungu chini. Akamshikia Shangazi foronya ya kubebea nyoka, naye akawaokota mmoja mmoja, taratibu, hadi ishirini na tisa. Wawili kati ya waliofika ukumbini walikuwa wamekwisha kukanyagwa na viatu vya watu waliokimbia.

Daktari wa wanyama alifika kabla ya saa sita, mama mmoja wa makamo. Aliokota ile ngozi nyembamba, akamtazama nyoka mdomoni, kisha akauliza kwa sauti, "Nani kaandika chatu hapa? Huyu ni boa."

Meneja akajikohoza. "Ni kosa la kawaida, daktari. Yanatokea."

"La kawaida?" Shangazi alimgeukia, foronya bado mkononi. "Nilikuambia mara tatu! Hawa wawili wamekufa kwa sababu ya wavu ulioninyima, na mbele ya watu ukasema mimi ndiye mzembe. Uliniambia nifagie. Haya, leo fagia wewe, uwafagie hawa uliowaua."

Meneja akageuka, akaondoka.

Kesho yake alisikika redioni akisema, "Sisi tulitambua mapema kwamba ni boa." Shangazi alizima redio, akavaa sare, akaenda moja kwa moja kwenye kikao cha wamiliki bila kualikwa. Taarifa ya daktari ilikuwa mezani. Aliwaambia hataki zawadi wala cheti. Alitaka kufukuzwa kwake kufutwe, na meneja aandike kwa mkono wake kwamba alionywa.

Meneja aliandika mistari miwili, kalamu ikikwaruza. Cheo chake hakikuguswa, na hilo humchoma Shangazi hadi leo. Lakini wamiliki waliamua kwamba kibao chochote cha nyoka hakitundikwi bila sahihi ya Shangazi. Cha kwanza alichokitia sahihi kilisema BOA, na chini yake, kwa agizo lake: amezaa thelathini na mmoja, wamebaki ishirini na tisa.

Meneja aliomba hiyo idadi iondolewe. Shangazi alikataa.