Alama za Mkaa kwenye Mayai ya Chatu

Chatu wa baba alikufa siku tatu baada ya kutaga. Baba ni mmoja wa Bayeye, Wasukuma wanaocheza ngoma na nyoka shingoni, na alikuwa akicheza na chatu huyo tangu nikiwa darasa la pili. Hakulia. Alisema tu kwamba mayai yale kumi na moja yasipotoa hata nyoka mmoja, hatacheza tena. Kuzoeana na nyoka wa porini ni kazi ya vijana.

Nikajifanya fundi. Kwenye chumba cha nyoka kilicho uani, hapo nyumbani Nyasubi, niliweka boksi jeupe la kubebea samaki, maranda yenye unyevu, balbu na kipimajoto. Yai la nyoka haligeuzwi. Ukiligeuza, mtoto hufia ndani. Basi nikachora alama ya mkaa juu ya kila yai, nione kwamba halijasogea. Mama sikumwambia kitu. Ya nini? Katika ndoa yote hakuwahi kukanyaga chumba cha nyoka, wala kwenda kumtazama baba akicheza. Jumatatu nikaenda zangu kazini Segese.

Jumamosi niliporudi, alama zote zilikuwa chini.

Nilifoka. Niliuliza ni mpumbavu gani kagusa mayai. Mama akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Ni mimi, mwanangu. Niliona umeweka alama, nikajua kazi umeniachia. Nimeyageuza kila asubuhi."

Mama anafuga kuku. Kwenye mashine yake ya kutotoleshea, alama kwenye yai ina maana moja tu: geuza. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mjinga hapo nilikuwa mimi niliyenyamaza. Naona aibu mpaka leo.

Tulisubiri miezi miwili hata hivyo. Mayai yalinywea, yakaota ukungu, na hakuna lililototolewa. Nilikuwa nimepanga kumwambia baba kwamba umeme ulikatika. Mama akanitangulia. Alimkuta baba amekaa kwenye benchi uani.

"Mayai niliyaua mimi," akasema. "Niliyageuza."

Baba akamtazama. "Wewe? Uliyashika?"

"Kwa mkono."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa kila siku."

Baba akasogea pembeni ya benchi, akampa mama nafasi ya kukaa.