Maji ya Wageni

Nilipokuwa kidato cha pili, watafiti wa chuo kikuu walikuja kwenye chemchemi yetu, huku Shinyalu. Walikuwa watatu: wa udongo, wa magonjwa, na dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza watu maswali. Walisema shida ya maji ni ya dunia nzima, na hakuna somo moja linaloweza kuitatua. Mimi nilishika moja tu: walitaka mtu wa kuwachotea maji kwa chupa kila Jumamosi asubuhi.

Kazi hiyo nilipewa mimi kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Shuleni ningeweza kumaliza wiki bila kuongea na mtu, na sisemi hivi ili nihurumiwe. Dada wa maswali ndiye aliyekuja kuchukua chupa. Alikaa, akaniuliza habari zangu, kisha akangoja nijibu. Watu hawangojangi.

Siku moja alikuja akitabasamu. "Mdogo wangu, chemchemi yenu ndiyo safi kuliko zote. Tutaambia watu wa kaunti watengeneze zile zingine kwanza."

Nikampelekea kukhu habari. Kukhu ndiye nyanya anayenilea.

"Yatakosaje kuwa safi?" akasema, akiendelea kuchambua maharagwe. "Si mimi nachemshanga."

"Unachemsha nini?"

"Maji ya wageni. Ukiacha chupa mezani uende kukata nyasi ya ng'ombe, nachemsha, yakipoa narudisha. Kumbe wewe ulitaka wanywe mabichi, waharishe, waseme ni kwetu?"

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nikinyamaza, dada ataendelea kuja. Lakini watoto wa jirani waliharishanga kila mvua ikinyesha, na walikunywa papo hapo kwenye chemchemi, kwa mikono.

Jumamosi nilimwambia, nikiangalia viatu vyake.

"Chupa zote?"

"Zote."

Alifungua daftari, akapiga mstari ukurasa baada ya ukurasa. Hakunigombeza. "Nyanya yako ana adabu kutushinda," alisema tu, akaondoka mapema.

Sasa wanachota wenyewe, kila Jumanne. Maji yalipatikana na uchafu, na chemchemi yetu iko kwenye orodha ya kutengenezwa. Jumanne mimi huwa darasani. Kukhu anasema dada huniulizia. Anamjibu niko shule, kisha wanaketi, wanaongea mambo yao.