Sauti Iliyohamishwa

Fundi mitambo wa redio ndogo ya mjini, ambaye watu walimwita Waya kwa wembamba wake, alikuwa na baba mwenye sauti nzito kama gogo la mvule. Mzee huyo alisoma matangazo ya vifo kwenye redio hiyohiyo mpaka uzee ukamkuta palepale kitini. Akianza kusoma, hata marehemu alijigeuza upande asikie anavyosifiwa. Anayebisha akamuulize marehemu.

Kisha uvimbe ukamwota kooni. Madaktari wakaukata, na sauti ikaenda nao. Mzee akarudi nyumbani na kitambaa shingoni, anapumua kwa mlio wa kuni mbichi.

"Niletee sauti yake, mwanangu," mama akamwomba Waya. "Hata lile tangazo la ng'ombe aliyepotea. Nimechoka kulala na bubu."

Waya akacheka. Kwani sauti ya baba imekwenda wapi? Kompyuta ya studio ilipojaa pomoni, alikuwa amehamishia vipindi vyote vya zamani kwenye diski moja ya nje, akavifuta kule, akaifungia diski kabatini. Salama salimini.

Akaenda kuichomeka. Diski ikalia ka, ka, ka, kama mjusi ukutani, ikanyamaza. Akaikimbiza kwa fundi wa kompyuta.

"Imekufa hii, kaka," fundi akasema baada ya kuihangaikia kutwa. "Leta nakala."

"Si ndiyo hiyo?"

"Hii? Wewe ulihamisha tu. Umemtoa mbuzi zizi la mbele, ukamfunga zizi la nyuma. Mbuzi ni yuleyule mmoja. Nakala ni kuwa na mbuzi wawili, huyu akiliwa na fisi, mwenzake anabaki analia mee."

Waya akaruka. "Lakini kompyuta yetu inanakiliwa kila jioni!"

"Kinanakiliwa kilichomo. Ulipofuta, jioni ile ilikuta zizi tupu, ikanakili utupu. Nakala za kabla ya hapo mnazo?"

"Tunaandika nakala mpya juu ya ile ya zamani."

Fundi akamrudishia diski kwa mikono miwili, kama anayempa mtu pole.

Nyumbani, mama alikwisha kumvalisha mzee shati la kutokea, utadhani sauti ni mgeni wa heshima. Waya akaiweka diski mezani.

"Baba, ni mimi niliyeipoteza. Sina la kufanya."

Mzee akaichukua, akaitikisa sikioni kama mtu anayepima nazi. Kisha midomo yake ikaanza kwenda, taratibu, ikipumzika penye vituo, kama msomaji.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Waya akasogea mpaka pua zikakaribia kugusana. Ilitoka pumzi tu, vuguvugu.

"We mtoto, anasemaje? Si ndiye bingwa wa sauti wewe?"

Waya akabaki anaitazama midomo ya babake ikifunguka na kufumbika, hana kitufe cha kubonyeza.